Mto Mara Ulikuwa na Mashahidi

Na Bhoke Marwa

Machi 2022 maji ya Mto Mara yaligeuka meusi, samaki wakafa. Kamati ya serikali ikapima, ikarudi na jibu: kinyesi na mkojo wa ng'ombe. Mitandaoni watu walicheka, wengine wakahamaki, maana walishaamua kwamba ni sumu ya mgodini. Hoja yangu ni ndogo zaidi: kabla ya Machi, nani alijua kilichokuwa kikiishi chini ya mto ule?

Geuza jiwe la mtoni utakuta lava wa wadudu, konokono, ruba, pengine kaa. Hawahami kirahisi, na baadhi hukaa majini miezi kadhaa kabla ya kuota mabawa. Chupa ya sampuli inaeleza maji ya saa ile ilipojazwa. Uchafu wa juzi usiku umeshafika ziwani. Lava hakuwa na pa kukimbilia, ulimpitia yeye.

Wapo wanaokufa mapema. Lava bapa wanaong'ang'ania mawe kwenye maji ya kasi, wenye matamvua kando ya tumbo, hawavumilii maji yaliyopungukiwa oksijeni. Minyoo ya topeni hustahimili, na wale lava wembamba wekundu wana himoglobini inayowasaidia kuishi penye hewa haba. Mto ukijaa kinyesi, hawa ndio hushamiri. Ndiyo maana Waafrika Kusini, katika mfumo wao wa SASS, humpa kila kiumbe alama kati ya 1 na 15: mnyoo 1, lava bapa 13. Unachota kwa wavu, unatambua, unajumlisha, unatafuta wastani. Watafiti wakiongozwa na Lulu Kaaya waliurekebisha kwa mito yetu ya Tanzania, wakauchapisha mwaka 2015 kwa jina la TARISS. Kwa hiyo kisingizio cha kukosa kipimo hatuna.

Wadudu hawa hawamtaji mkosaji, wala hawathibitishi kwamba maji yanafaa kunywewa. Vimelea vya kipindupindu haviwahusu. Tena hata maji yenye hewa tele huweza kuleta maradhi: usubi, kwa mfano, huzaliana kwenye maporomoko ya namna hiyo, nao ndio hueneza upofu wa mtoni. Maabara itabaki na kazi yake. Ila kumbukumbu ya miaka michache ingetuonyesha kama mto ulianza kudhoofika zamani au uliangushwa ghafla, na ule ubishi wa ng'ombe na mgodi ungekuwa na pa kuanzia.

Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Viktoria ingeweza kuanza na vituo viwili: Kogatende, mto ukiwa bado ndani ya Serengeti, na Daraja la Kirumi, ukikaribia ziwa. Ihesabu kiangazi na baada ya masika, walimu wa biolojia wa sekondari za jirani wakishiriki, kisha alama zibandikwe kwenye ofisi za vijiji, yasomwapo mapato na matumizi.