Uchambuzi: Mabaki ya wahenga yanadai wataalamu wetu wa mifupa

Mwezi Septemba 2023, Taasisi ya Urithi wa Utamaduni wa Prussia ya jijini Berlin ilitangaza kuwa vinasaba vya fuvu moja kutoka Kilimanjaro vimelingana kikamilifu na vya ndugu walio hai nchini Tanzania. Mafuvu mengine mawili yalikaribia kulingana. Matokeo hayo yalitokana na utafiti wa mafuvu 1,135 yaliyochukuliwa Afrika Mashariki enzi za ukoloni; 202 kati yake yalibainika kutoka Tanzania.

Tangazo hilo linawagusa pia wakazi wa Usa River na Meru kwa jumla. Baada ya wamisionari wawili kuuawa Akeri mwezi Oktoba 1896, majeshi ya Ujerumani yaliwashambulia Wameru na Waarusha. Tarehe 2 Machi 1900, Mangi Lobulu wa Meru alinyongwa Old Moshi pamoja na Mangi Meli na viongozi wengine.

Swali la msingi ni nani atakayethibitisha kwamba mabaki yanayorejeshwa ni ya ukoo unaoyadai. Hiyo ndiyo kazi ya anthropolojia ya uchunguzi, fani inayosomwa zaidi katika ngazi ya uzamili na uzamivu. Mtaalamu hukadiria jinsia kwa mfupa wa nyonga, umri kwa meno, na kimo kwa mfupa wa paja. Fuvu pekee huficha mengi. Hapo vinasaba huhitajika, vikilinganishwa na vya wazao kwa ridhaa yao. Maabara bila kumbukumbu za koo haitoshi, na simulizi za wazee bila maabara hazitoshi.

Utaalamu huu hauhusu yaliyopita pekee. Ajali ya lori la mafuta Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, ilionesha ugumu wa kuwatambua marehemu walioungua vibaya.

Misingi ipo. Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali hupima vinasaba. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hufundisha akiolojia. Na Tengeru, jirani na Usa River, Taasisi ya Nelson Mandela hufundisha sayansi katika shahada za uzamili na uzamivu. Kuziunganisha fani hizo kutawawezesha Watanzania kuthibitisha wenyewe, badala ya kupokea majibu yaliyoandikwa ugenini. Familia zinazosubiri kuzika zinastahili uhakika huo.