Mtihani hupima usomaji, haufundishi kusoma

Kila mwaka, mtihani wa moko ukishapita, madarasa mengi ya Kidato cha Nne nchini Tanzania hugeuka vyumba vya majaribio. Mwalimu wa Kiingereza huleta mitihani iliyopita ya Baraza la Mitihani, huongeza na ile ya mikoa mingine, na wanafunzi huanza kusolvu: kifungu cha habari, maswali, masahihisho, kisha kifungu kingine. Kazi hiyo huendelea hadi wiki ya mwisho kabla ya mtihani wa Novemba. Nia ya mwalimu ni njema, na wazazi wanaochangia masomo ya jioni wanaamini watoto wao wananolewa. Hata hivyo kuna swali ambalo halina budi kuulizwa kwa uzito wake: je, mazoezi haya ya ufahamu yanajenga uwezo wa kusoma, au yanaupima tu? Hoja yangu ni kwamba yanapima. Tumeyabebesha kazi ya kujenga ambayo hayana nguvu nayo, na hasara yake haiishii kwenye somo la Kiingereza.

Haiishii hapo kwa sababu ya namna elimu yetu ilivyopangwa. Mtoto wa shule ya msingi ya umma hufundishwa kwa Kiswahili miaka yake yote ya msingi. Akifika Kidato cha Kwanza hupewa kozi fupi ya awali ya Kiingereza, na baada ya hapo biolojia, jiografia, historia na hesabu zote humjia kwa lugha hiyo. Kwa hiyo mtahiniwa wa Kidato cha Nne hukutana na mtihani wa ufahamu wa Kiingereza katika karibu kila chumba cha mtihani anachoingia. Chukua swali la kuchagua la biolojia linalotaja sifa nne na kumtaka mtahiniwa aonyeshe ile isiyohusika. Maana yote ya swali imebebwa na neno moja linalomaanisha "isipokuwa". Anayeijua biolojia sawasawa lakini akaliruka neno hilo atachagua sifa ya kwanza iliyo kweli, na atakosa. Msahihishaji ataandika kwamba hajui biolojia, kumbe hakusoma swali. Ndivyo ilivyo pia kwa anayeambiwa alinganishe mambo mawili, naye akayaeleza moja moja bila kuyakutanisha.

Tatizo hili si geni, wala hatuwezi kudai hatukuambiwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili, Clive Criper na William Dodd, walitoa ripoti kuhusu ufundishaji wa Kiingereza na matumizi yake kama lugha ya kufundishia Tanzania. Walikuta kwamba ni takriban mwanafunzi mmoja tu kati ya kumi wa Kidato cha Nne aliyekuwa na kiwango ambacho mtu angetarajia awe nacho anapoanza kusomeshwa kwa Kiingereza, sembuse anapomaliza. Baada ya ripoti hiyo ulikuja mradi uliofadhiliwa na Uingereza, na sehemu ya kazi yake ilikuwa kupeleka shuleni vitabu vya hadithi vilivyopangwa kwa ngazi, kutoka vyepesi hadi vigumu, ili wanafunzi wasome kwa wingi. Tiba hiyo ilikuwa sahihi. Leo, miaka zaidi ya 40 baada ya ripoti ile, shule nyingi zimeshika njia nyingine: kifungu kifupi, maswali machache, alama.

Ili kuona udhaifu wa njia hii, soma sentensi ifuatayo, ambayo maneno yake makuu nimeyabuni na hayana maana yoyote: "Mnyambiri alitweguza mafendo yake kando ya kidwalo kwa sababu magube yalikuwa yamepoloka." Sasa jibu maswali. Nani alitweguza mafendo? Mnyambiri. Aliyatweguza wapi? Kando ya kidwalo. Kwa nini? Kwa sababu magube yalikuwa yamepoloka. Umepata alama zote tatu, na hujaelewa chochote. Umeongozwa na umbo la sentensi: ukaliona neno la swali, ukalitafuta kwenye kifungu, ukanakili lililo jirani yake. Mwanafunzi aliyezoezwa kwa vifungu 50 anaimudu mbinu hii vizuri mno, na masahihisho ya haraka ya ubaoni humthibitishia kwamba anajua kusoma. Lakini muulize kama Mnyambiri alitenda kwa busara, au nini kingetokea kama magube yasingepoloka, utaona mbinu imeishia hapo. Maswali ya namna hiyo ndiyo yanayomtenganisha msomaji na mnakili.

Kinachomwezesha mtu kuelewa maandishi kinajulikana. Kwanza ni msamiati. Utafiti wa Paul Nation na wenzake umeonyesha kwamba ili mtu asome bila msaada na aelewe vizuri, anahitaji kuyajua maneno yapatayo 98 katika kila 100 yaliyo mbele yake. Katika kifungu cha maneno 300, hayo ni maneno sita tu ya kubahatisha, na sentensi zinazoyazunguka zinaweza kumsaidia. Anayejua maneno 90 katika kila 100 atakutana na mageni 30 ndani ya kifungu hicho hicho, na mageni yakizidi kiasi hicho hata yale anayoyajua huacha kumsaidia. Pili ni ujuzi wa jambo linalozungumzwa. Mwaka 1988 watafiti Donna Recht na Lauren Leslie waliwapa wanafunzi wa Marekani habari ya mchezo wa besiboli waisome. Wanafunzi waliokuwa wasomaji dhaifu lakini wanaujua mchezo waliielewa na kuikumbuka habari ile kuliko wasomaji hodari wasioujua. Vitu hivi viwili, maneno na maarifa, havipatikani kwa kujua mbinu za kujibu maswali. Vinapatikana kwa kusoma sana.

Hapo ndipo hesabu inapotuumbua. Tuseme darasa linafanya vifungu viwili vya maneno 300 kila wiki, kwa wiki 30 za masomo. Hayo ni maneno 18,000 kwa mwaka mzima. Kitabu chembamba cha hadithi chenye kurasa 100, maneno 250 kila ukurasa, kina maneno 25,000. Yaani mwaka wa mazoezi makali haumfikishi mwanafunzi mwisho wa kitabu kimoja chembamba. Tena vifungu vile vinarukaruka: leo mazingira, kesho malaria, keshokutwa usalama barabarani. Neno jipya linaonekana mara moja na kutoweka, ilhali neno hukaa kichwani likirudi mara nyingi katika sura tofauti. Kitabu hulirudisha. Kifungu hakina nafasi hiyo.

Ushahidi wa njia ya kusoma vitabu upo, na umetoka mahali panapofanana na kwetu kuliko London. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, watafiti Warwick Elley na Francis Mangubhai walipeleka vitabu vya hadithi vya Kiingereza, 250 kwa darasa, katika shule za vijijini za Fiji, ambako watoto hawazungumzi Kiingereza nyumbani. Watoto waliosoma vitabu hivyo waliendelea katika kusoma kwa kasi ipatayo mara mbili ya wenzao waliofuata masomo ya kawaida. Baada ya mwaka wa pili faida ilikuwa imeenea hadi kwenye kuandika na sarufi, mambo ambayo vitabu vile havikuyafundisha moja kwa moja. Ni kweli kwamba watoto wa Fiji walikuwa wa umri wa shule ya msingi, na kijana wa Kidato cha Nne hana miaka miwili mbele yake. Hilo halivunji hoja. Linatuambia kwamba kazi hii ilipaswa kuanza Kidato cha Kwanza, na kwamba aliyechelewa hawezi kufidiwa kwa kupewa kisichojenga.

Wapo watakaosema: mtihani uko mlangoni, na mtahiniwa asiyeijua sura ya karatasi atapotea hata kama ni msomaji mzuri. Wana haki kwa sehemu. Kujua mpangilio wa maswali, kugawa muda, kusoma maswali kabla ya kifungu na kuandika muhtasari bila kuvuka idadi ya maneno ni ujuzi halali, na mwalimu anayeupuuza anamdhulumu mwanafunzi. Lakini ujuzi huo ni mdogo na huisha upesi. Mwanasaikolojia Daniel Willingham, akipitia tafiti za kufundisha mbinu za ufahamu, alionyesha kwamba mbinu hizo husaidia, ila mafunzo mafupi hutoa faida sawa na marefu. Hakuna sababu ya kutumia miezi mitano kwa kitu kinachofundishika kwa wiki tano. Wiki za mwisho ziwe za mitihani iliyopita, na miezi iliyotangulia iwe ya kusoma.

Wengine watauliza vitabu viko wapi, na muda uko wapi, mwalimu akiwa na wanafunzi 70 darasani. Hili ni pingamizi zito, maana shule nyingi za kata hazina maktaba ya kutajika. Lakini kusoma kwa wingi hakudai nakala 70 za kitabu kimoja. Kunadai vitabu tofauti vinavyozunguka, hata kama ni 40 ndani ya boksi moja, na daftari la kuandika nani amechukua nini. Zaidi ya hapo, matini ya Kiingereza anayohitaji mtahiniwa kuliko zote tayari ipo shuleni: kitabu cha kiada cha historia, cha jiografia, cha biolojia. Katika madarasa mengi kitabu hicho husomwa na mwalimu, kisha mwanafunzi hunakili notsi ubaoni. Ukurasa mmoja wa jiografia ukisomwa na wanafunzi wenyewe, wawili wawili, kisha mwalimu akauliza "Mstari gani umekuonyesha hivyo?", limefanyika zoezi la ufahamu lenye faida mbili, kwa sababu maarifa yanayopatikana yataulizwa tena katika mtihani wa jiografia. Wala si dhambi mjadala wa ukurasa huo kufanyika kwa Kiswahili. Mwanafunzi anayeweza kueleza kwa Kiswahili alichosoma kwa Kiingereza ametoa uthibitisho kwamba ameelewa, uthibitisho ambao kunakili hakutoi.

Pingamizi la tatu linakwenda kwenye mzizi: kwa nini tuhangaike na haya yote, badala ya kufundisha sekondari kwa Kiswahili? Tume ya Makweta kuhusu elimu ilipendekeza hivyo mwaka 1982, na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliufungua tena mlango huo. Wasomi kama Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamejenga hoja yenye nguvu kwamba kufundishia masomo yote kwa lugha isiyoeleweka hakufundishi masomo wala lugha yenyewe. Hoja hiyo naikubali. Lakini haipingani na ninayoyasema hapa, inayatia nguvu. Kiswahili kikishika nafasi yake sekondari, Kiingereza kitabaki somo, na wengi wanaotetea mabadiliko hayo wanasisitiza kwamba somo hilo lifundishwe vizuri kuliko sasa. Kulifundisha vizuri maana yake ni kusoma vitabu. Na mabadiliko ya sera yakiendelea kusubiriwa, mtahiniwa wa Novemba hii hawezi kusubiri nayo.

Baraza la Mitihani nalo lina sehemu yake. Maswali yanayojibika kwa kunakili yakipungua, na yanayodai kufikiri na kutoa ushahidi kutoka kwenye kifungu yakiongezeka, walimu watakuwa na sababu ya kufundisha tofauti. Lakini tusiweke matumaini yote hapo. Dianne Wall na Charles Alderson, waliochunguza mabadiliko ya mtihani wa Kiingereza nchini Sri Lanka, walikuta kwamba mtihani mpya ulibadili kile walimu walichofundisha, ila haukubadili namna walivyofundisha. Na hapa kwetu tumeona fasihi inavyofanyiwa: riwaya iliyowekwa ili isomwe hugeuzwa notsi za wahusika na dhamira, mwanafunzi akazikariri na kujibu swali la kitabu ambacho hajakifungua. Mtihani hauwezi kuziba pengo la kitabu kisichosomwa.

Kwa hiyo wakuu wa shule watenge dakika 20 kila siku za kusoma kimya, kuanzia Kidato cha Kwanza, na wazilinde kama wanavyolinda paredi. Walimu wa masomo yote wawaachie wanafunzi wasome wenyewe kitabu cha kiada. Mitihani iliyopita ibaki kabatini hadi wiki za mwisho. Na mzazi anayechangia fedha za majaribio aulize shuleni swali moja tu: mwanangu amemaliza kusoma vitabu vingapi mwaka huu? Kama jibu ni sifuri, hakuna idadi ya mazoezi ya ufahamu itakayomfanya aelewe anachosoma Novemba.