Chuma Kisichoota Kutu Mwilini



Mzee anapovunjika nyonga, au kiungo kinapolika kwa maradhi hata asiweze kurukuu na kusujudu, huenda daktari akashauri abadilishiwe nyonga. Hapo jamaa hukaa shauri, na swali la kwanza huwa: je, chuma hicho hakitaota kutu ndani ya mwili wa mama yetu?

Swali hili ni la haki, tena ni la kale. Imepokewa katika Sunan za Abu Daud na Tirmidhi kwamba Arfaja bin As'ad alikatwa pua katika vita vya Kulab, akajitengenezea pua ya fedha. Ikaleta uvundo, na Mtume, rehema na amani zimshukie, akamwamuru atumie ya dhahabu. Fedha hubadilika kwa unyevu, dhahabu haibadiliki.

Sisi watu wa pwani twajua chumvi inavyokula mabati na misumari. Damu nayo ina chumvi. Ndiyo maana maji ya dripu hutiwa gramu 9 za chumvi kwa kila lita ili yaoane nayo. Chuma cha kawaida hakidumu humo.

Titaniamu hudumu kwa sababu ya vazi lake. Ikiguswa na hewa, papo hapo hujivika utando wa oksidi wenye unene wa nanomita chache tu, na nanomita milioni moja ndizo milimita moja. Ukikwaruzwa, utando huo hujirudisha wenyewe. Katika miaka ya 1950, mtaalamu wa Uswidi, Per-Ingvar Brånemark, alitaka kukitoa kifaa cha titaniamu katika mfupa wa sungura, akakuta vimeshikana. Mwaka 1965 akampandikizia mgonjwa wa kwanza mizizi ya meno ya titaniamu, nayo ikamtumikia takriban miaka 40.

Wataalamu wameongeza vazi jingine: haidroksiapatiti, madini ya kalsiamu na fosfati yanayofanana na yale ya mfupa wetu. Hurushwa juu ya titaniamu kwa joto kali, na mfupa ukakua ukashikamana nayo. Lakini vazi lisiposhika vizuri hubanduka. Titaniamu pia haivumilii msuguano, kwa hiyo kichwa cha nyonga huweza kufanywa kwa kauri ngumu ya alumina, kama alivyofanya Pierre Boutin wa Ufaransa mwaka 1970. Kauri hulika kidogo mno, ingawa ikipigwa kwa nguvu huweza kupasuka.

Basi hofu iliyo kubwa si kutu, bali ni vijidudu. Navyo hupenda kujishikiza juu ya uso huo huo, vikajijengea ute ambao dawa haziupenyi kwa urahisi. Kabla ya upasuaji, mgonjwa atibiwe meno mabovu na vidonda, na sukari yake idhibitiwe. Baada yake, kidonda kikitoa maji, homa ikipanda au maumivu mapya yakizuka, asikandwe nyumbani; arudishwe hospitali upesi. Ihifadhiwe karatasi inayoeleza kipandikizi chake, na ionyeshwe kila aendapo kupigwa picha za mwili.

Mwenye kuuliza mapema humpunguzia mgonjwa wake mashaka. Allah awaponye wagonjwa wetu. Wabillahi tawfiq.