Tahadhari kwa Budondo: Risasi ya Juu Haiishii Hewani

Ndugu zetu wa Budondo, msikubali kuambiwa kwamba risasi iliyopigwa juu haina madhara. Lazima irudi chini, na inaporudi inakuta watu. Novemba 18, 2020, Bobi Wine alipokamatwa Luuka na kuletwa Nalufenya hapa Jinja, ghasia zililipuka hadi Kampala. Kwa hesabu ya serikali yenyewe watu 54 walikufa, na Rais alikiri kwamba baadhi yao waliuawa na risasi zilizopotea. Hao hawakulengwa na mtu yeyote.

Kinachoifikisha risasi mbali ni mtutu. Ndani ya mtutu wa AKM, bunduki ambayo wengi huku huiita SMG, mna mifereji 4 iliyojipinda, inayokamilisha mzunguko mmoja kila milimita 240. Risasi hutoka kwa kasi ya mita 715 kwa sekunde, kwa hiyo inazunguka karibu mara 3,000 katika sekunde moja. Mzunguko huo ndio unaoizuia kupinduka, kama pia inayosimama maadamu inazunguka. Ncha hubaki mbele, upepo hauikinzi sana, nayo inasonga. Ikipigwa kwa mshazari inaweza kufika kilomita 3, na hadi mita 1,500 bado ina nguvu ya kuua. Hesabuni umbali huo kuanzia barabara ya Bujagali: humo mna shule, mna wavunaji wa miwa, mna nyumba ambazo mpigaji hazioni kabisa.

Wapo wanaojibu kwamba wao hupiga wima. Katika vurugu hakuna mkono unaoweza kushika wima. Na hata ingekwenda wima, Julian Hatcher, afisa wa jeshi la Marekani aliyefanya majaribio baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, alikadiria kwamba risasi ya bunduki hurudi kwa mita 90 hivi kwa sekunde. Mita 60 kwa sekunde zinatosha kupasua ngozi. Ile ya mshazari huja na kasi kubwa zaidi, kwa sababu bado inatanguliza ncha. Bati la paa si ngao.

Bunduki chakavu za baadhi ya walinzi zinatutia hofu ya aina nyingine. Mtutu ulioliwa na kutu, mifereji yake ikafutika, hauizungushi risasi vya kutosha. Inayumba, inaruka ubavu, inampata asiyehusika hata pale mpigaji alipolenga kwa makini. Ni hivyo hivyo kwa risasi zinazojazwa upya na watu wasio na ujuzi: risasi ndefu huhitaji mzunguko wa haraka zaidi, na ikitiwa katika mtutu usiolingana nayo hupinduka ikiwa hewani. Mkiletewa risasi za kuokota au za kujazwa nyumbani, msinunue, msiwaachie watoto wazichezee. Mwambieni mwenyekiti wa LC1, naye awaite polisi.

Kwa mnaolinda maduka na mashamba usiku: yowe na filimbi huamsha kijiji kizima bila kumuua mtoto aliyelala. Tunawasihi, msifyatue juu kumtisha mwizi.

Milio ikianza, ingieni ndani, mlale chini nyuma ya ukuta wa matofali, mbali na mlango na dirisha. Msitoke kutazama. Milio ikikoma, kagueni watoto, hasa kichwani, mabegani na miguuni. Huko Puerto Rico, katika sherehe za kuukaribisha mwaka 2004, watu 19 waliumizwa na risasi za kushangilia na mmoja akafa. Wengi walipigwa kichwani, miguuni na mabegani. Tundu laweza kuwa dogo, damu ikawa kidogo, mzazi akadhani ni jiwe. Msichokonoe jeraha. Likandamizeni kwa kitambaa safi, mkodi gari au boda boda mara moja mpaka Hospitali ya Rufaa ya Jinja, na mwambieni daktari wazi kwamba palikuwa na milio ya bunduki, ili apige picha ya eksirei kabla ya kufunga kidonda.