Mzinga, Mtungi na Mcheduara: Je, Kiswahili Kimepungukiwa?

Kila istilahi za hisabati zinapojadiliwa, huzuka hoja kwamba Kiswahili hakikuwa na neno la umbo ambalo Wagiriki waliliita kylindros, na kwa hiyo hapana budi kutohoa silinda. Hoja hiyo inachanganya mambo mawili: ukosefu wa jina la jumla na ukosefu wa maneno.

Maneno yapo tele. Mzinga ulikuwa gogo la nyuki lililotobolewa ndani kabla ya kuwa silaha itemayo moto. Kilichohamishwa ni umbo, wala si kazi. Kasiba, yaani mtutu wa bunduki, ni neno la Kiarabu ambalo asili yake ni tete. Kiitaliano nacho kilipata cannone kutokana na canna, ambayo pia ni tete. Pipa na bomba ni ya Wareno. Kwao bomba ni pampu, ilhali Waswahili wamelihamishia hata kwenye neli ipitishayo maji. Linalostaajabisha zaidi ni mtungi. Chombo cha udongo chenye tumbo pana kimekipa jina chombo cha chuma cha gesi ambacho hakifanani nacho hata kidogo. Hapa kazi imelishinda umbo.

Mcheduara hubezwa kuwa neno la mezani. Lakini mche wa sabuni unajulikana na kila mwenye duka: kitu kirefu ambacho ukikikata popote, sura ya mkato ni ileile. Ndiyo maana mche ukafaa katika jiometria, na duara ikataja kitako. (Wapenda usafi wa lugha watambue kwamba nusu ya neno ni Kibantu na nusu ni Kiarabu.) Mwanafunzi anayeambiwa kwamba ujazo ni eneo la kitako likizidishwa kwa kimo huiona kanuni ndani ya jina lenyewe. Silinda haimwambii lolote. Shina lake la Kigiriki lina maana ya kuviringika, na mviringo tayari umelemewa: sarafu, chungwa na gogo yote huitwa hivyo.

Silinda ibaki kwenye injini, ambako mafundi wameizoea. Mcheduara hauna bahati hiyo. Nchini Tanzania mtoto wa shule ya msingi ya serikali huujua vema, kisha huulazimika kuuacha mlangoni mwa kidato cha kwanza, ambako hisabati hufundishwa kwa Kiingereza.