JOTO BILA ARDHI SI MAKAZI

Mwezi wa Julai uliopita nilipanda basi kutoka Mafinga kwenda Mbeya. Kiti cha mbele yangu walikaa kijana na mkewe, ndoa yao haijatimiza mwaka. Baridi ya Mufindi ilikuwa bado imo mifupani mwetu, kila mtu amejifunika. Tulipopita Makambako na kuanza kuteremkia Igawa, kijana akavua sweta, mkewe akafungua dirisha. Binti akasema, "Hapa ndipo pa kukaa." Mumewe akajibu kwamba joto liko Dar es Salaam pia, na huko kuna kazi. Walibishana kwa upole mpaka karibu na Chimala, kisha wakageuka kwangu. "Shikamoo, baba. Ungekuwa wewe, ungekwenda wapi?"

Niliwajibu kwa maneno machache, maana basi si mahali pa hotuba. Jibu lililobaki naliandika hapa, kwa sababu swali lile si la watu wawili tu. Vijana wengi wa Iringa na Mbeya wanaliuliza kila mwaka wanapooana, na wazee wengi wanalikimbia.

Kwanza tuwakumbushe vijana habari wasiyoiona. Baridi hii wanayoikimbia ndiyo iliyowavuta masetla wa Kijerumani na wa Kiingereza waliokaa Mufindi na Sao Hill. Mwaka 1925 Lord Delamere wa Kenya aliwaita masetla wenzake mkutanoni Tukuyu, nao walikuja kutoka Kenya, Tanganyika, Nyasaland na Northern Rhodesia. Nia yao ilikuwa kuifanya nchi ya juu, tangu Kenya mpaka Rhodesia, iwe nchi ya wazungu kutawala na kulima. Hakuna mwenyeji aliyeulizwa.

Na wenyeji je? Wao walipelekwa kwenye joto. Wabena, Wahehe na Wakinga walisafirishwa kwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro, na Wanyakyusa wengi walikwenda machimbo ya Lupa, ya shaba Rhodesia na ya dhahabu Afrika Kusini. Waliokwenda kwenye mkonge tuliwaita manamba, kwa kuwa mtu alipewa namba kama mzigo. Kijana aliteremka na kipande mkononi, akalala kambini, akarudi baada ya mkataba. Wengine hawakurudi. Wake wengi walibaki mlimani wakilima peke yao. Ndivyo babu zetu walivyolijua joto: walilifanyia kazi, lakini halikuwa lao.

Basi kijana wa leo anayeteremka na mkewe, kwa hiari yake, anafanya jambo ambalo babu yake alinyimwa. Swali langu ni moja: anateremka kuwa mwenyeji, au anateremka kuwa namba tena?

Sehemu za joto tunazo hapa hapa nyumbani. Iko Pawaga na iko Idodi, chini ya mji wa Iringa, ambako maji ya mito hulisha mashamba ya mpunga. Iko Usangu, wilaya ya Mbarali: Rujewa, Ubaruku, Chimala, Igurusi, Madibira, bonde pana lenye barabara kuu na reli ya TAZARA kandokando yake. Iko Kyela, ambako mtu anayetoka Mbeya, mji ulio karibu mita 1,700 juu ya bahari, huteremka mpaka mita 500 hivi kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa. Huko mvua ni nyingi, mpunga wake unasifiwa nchi nzima, na sehemu kubwa ya kakao ya Tanzania hutoka katika wilaya hiyo.

Sitawadanganya vijana kwamba huko ni peponi. Mtu wa mlimani hajazoea malaria, na mama mja mzito ndiye wa kwanza kuumia. Chandarua kiwe chombo cha kwanza kuingia nyumbani, kabla ya redio. Majaruba na mifereji ina kichocho. Kyela mito hufurika, na ardhi ni finyu kwa wingi wa watu. Usangu maji yenyewe yana ugomvi: tangu mwaka 1993 mto Ruaha Mkuu ulianza kukauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha, nao ndio unaojaza Mtera na Kidatu. Mwaka 2008 mpaka wa hifadhi hiyo ulipanuliwa kuingia Usangu, na vijiji vya Mbarali vikaingia katika mgogoro wa miaka mingi. Kwa hiyo asiyeuliza mpaka uko wapi kabla ya kupiga tofali anaweza kujikuta amejenga mahali pasipo pake.

Lakini hatari kubwa kuliko zote haisemwi. Wenzetu wengi wanaoteremka hawapati ardhi, wanakodi. Wanakodi jaruba kwa msimu mmoja. Fedha ya kukodi wanakopa kwa mchuuzi, na mchuuzi anaununua mpunga ungali kijani, kwa bei anayotaka yeye. Siku ya mavuno deni linatoka, magunia yanatoka, na mwenye shamba anapandisha bei ya msimu ujao. Mume na mke wanabaki na jembe na chumba cha kupanga. Mtu wa namna hii hawezi kupanda kakao, kwa sababu mkakao hukaa miaka mitatu na zaidi kabla ya kuzaa. Hawezi kujenga choo cha kudumu wala kupanda mwembe. Tofauti yake na manamba ni kwamba hana hata mkataba.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii twaipenda sana tunapotaka watu wa kutufanyia kazi. Lakini jembe hilo litalima wapi?

Hapa nageuka kwa wazee wenzangu. Huwa tunalalamika kwamba vijana wamekwisha kwenda mjini na vijiji vimebaki na sisi na wajukuu. Je, tumewapa nini? Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, imeweka ardhi ya kijiji chini ya halmashauri ya kijiji, na halmashauri haina ruhusa kuigawa bila idhini ya mkutano wa wanakijiji wote. Maana yake ni kwamba uamuzi uko mikononi mwetu. Kama bonde linakwenda kwa mwenye fedha wa mbali, na wenye ndoa changa wanakosa eka mbili, tusimlaumu serikali peke yake. Sisi tulikuwa wapi siku ya mkutano? Wengine tulikuwa kilabuni.

Wapo wanaosema vijana wakipewa ardhi watauza. Hofu hiyo si ya uongo kabisa. Lakini wazee pia wameuza, tena mashamba makubwa. Dawa ni kutoa ardhi kwa hati ya hakimiliki ya kimila, yenye masharti yanayojulikana na yenye majina.

Na tusiseme kwamba kumpa kijana nchi ni jambo la kigeni. Wanyakyusa wa Rungwe na Kyela walikuwa na desturi ambayo Monica Wilson aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1951. Wavulana wa rika moja waliondoka kijijini kwa baba zao wangali wadogo, wakajenga kijiji chao pembeni, na baadaye wakaleta wake zao humo. Kisha, mara moja kwa kizazi, ilifanywa sherehe ya ubusoka: wazee wakasogea kando, wakawakabidhi vijana nchi na uongozi wake. Watu wale walijua kwamba kizazi kisichopewa mahali pa kusimama hakiwezi kuilinda nchi.

Desturi ile ilikuwa na upungufu wake. Ardhi ilikwenda kwa mwana wa kiume, na binti alikuja kama mke wa mtu. Hapo sheria yetu imepiga hatua mbele. Mwanamke ana haki sawa ya kupata na kumiliki ardhi, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamkataza mume kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mkewe. Lakini haki iliyoandikwa Dodoma haimfikii binti wa Ubaruku kama jina lake halimo katika hati. Nawaambia wanandoa wachanga: majina mawili, tangu siku ya kwanza. Mume anayekataa kuandika jina la mkewe anamfanya manamba ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Sasa nirudi kwa wale wawili wa basi. Kijana wangu, sikukatazi Dar es Salaam. Lakini huko utalipa kodi ya chumba kabla hujanunua unga, na mtoto wako atazaliwa kwa mwenye nyumba. Mkeo alisema kweli. Teremkeni Usangu, au Pawaga, au Kyela. Ila msiteremke kama ndege anayefuata jua. Nendeni kwanza wawili mkae msimu mzima kwa ndugu. Ulizeni maji ya mfereji hufika lini na hukatika lini. Ulizeni mpaka. Ulizeni zahanati iko umbali gani. Hudhurieni mkutano wa kijiji, mjulikane kwa majina, kisha ombeni ardhi hadharani, mbele ya watu.

Na sisi wa matawi yote, kutoka Pawaga mpaka Itungi, tuna kazi. Mkutano wa kijiji hutakiwa kufanyika kila miezi mitatu. Ujao utakapoitwa, tuulize jambo moja tu: ni ardhi kiasi gani tumewatengea waliooana mwaka huu? Kama jibu ni hakuna, tusiondoke mpaka lipatikane jingine.