Kazi ya Namba 2000, Malipo ya Namba 400

Leo tunayo hoja moja, na tutaisema bila kuumauma maneno: wenzetu wengi wanawaonea mafundi rangi.

Kila gari la Mswahili likikwaruzwa kwenye maegesho, lawama ni zile zile: "Mafundi wetu hawana mkono mzuri. Angalia, pamebaki kovu." Sawa, kovu tumeliona. Lakini hebu tuulizane: fundi huyo aliwezeshwa kununua msasa gani?

Rangi ya kuziba mkwaruzo hupakwa kwa brashi ndogo, tabaka juu ya tabaka, na ikikauka huacha kiuvimbe. Kiuvimbe hicho hakiondoki kwa maombi. Huondolewa kwa msasa wa maji, tena ule laini kabisa: 1500 au 2000, kisha 2500 au 3000, ndipo ifuate polishi. Sasa ingia duka la kawaida la vifaa vya ujenzi. Misasa imejaa rafuni, lakini ni ya seremala na ya mpaka rangi nyumba: 80, 120, 400, na ukibahatika 1200. Muuzaji atakwambia, "Chukua huu, nao ni laini." Msasa wa kazi yetu uko kwenye maduka ya rangi za magari. Fundi aufuate huko kwa nauli yake, na mfukoni ana malipo ya nusu siku.

Wapo wanaosema msasa ni msasa. Tuwape hesabu. Vanishi ya juu ya gari, ile mafundi wanayoiita klia, ina unene wa takriban maikroni 40 hadi 50, yaani haifiki hata unywele. Chembe ya msasa P400 ina ukubwa wa wastani wa maikroni 35. Chembe ya P2000 ni kama maikroni 10 tu. Kwa hiyo anayelazimishwa kutumia 400 juu ya klia anapewa shoka la kunyolea ndevu.

Tena kuna mtego wa namba. Herufi P ikiwa mbele, kipimo ni cha Ulaya. Isipokuwepo, mara nyingi kipimo ni cha Marekani. 600 ya Marekani hukaribiana na P1200, na 1000 yao hukaribiana na P2000. Fundi anayeyajua haya si kanjanja. Anastahili kulipwa kama mjuzi.

Lakini wenzetu wakifika gereji wanatanguliza undugu. "Aa, mdogo wangu, wote tumetoka nyumbani, nifanyie ya kishkaji." Kwa kampuni kubwa analipa bila kufungua mdomo, kwa kijana wa nyumbani anakata bei hadi mfupa, halafu anataka gari jioni ile ile. Rangi haijakauka, msasa laini haujanunuliwa, na kesho kutwa msibani anatangaza kwamba fulani ameharibu gari lake. Huo ndio undugu?

Wala ufundi huu si mgeni kwetu. Kabla ya karatasi za dukani, maseremala wa mwambao walilainisha mbao kwa majani makavu ya mti uitwao msasa, na karatasi ikarithi jina la mti. Lugha yetu yenyewe inasema kupiga msasa ni kukamilisha kazi. Anayekataa kulipia msasa amekataa kulipia ukamilifu.

Na hapa Bondeni jambo hili ni zito kuliko kovu la mlangoni. Septemba 2019 maduka ya magari yalichomwa moto Jules Street, mtaa ambao mafundi na wauza spea wengi wanaujua kama kiganja cha mkono. Kijana wa kigeni katika jiji hili anaweza kupoteza vifaa vyake vyote usiku mmoja. Kinachobaki ni jina lake. Kumnyima nyenzo kisha kumchafulia jina ni kumchoma mara ya pili, safari hii kwa mkono wa nduguye.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Tunataka mambo matatu. Gharama ya vifaa ilipwe kando ya ufundi, na mwenye gari aoneshwe misasa iliyonunuliwa. Rangi ipewe siku za kukauka, hata kama kuna harusi Jumamosi. Na bei ikishakubaliwa, isibadilishwe kwa salamu za nyumbani. Baada ya hapo, kovu likibaki, mlaumuni fundi, nasi tutakuwa wa kwanza kuwaunga mkono.